Mafundi Saa, Mfuga Nyuki na Samaki Besi: Karne Mbili za Chambo Bandia

Kati ya mwaka 1773 na 1777 mtaalamu wa mimea William Bartram alizunguka misitu na vinamasi vya kusini mashariki mwa Marekani. Kitabu cha safari zake kilitoka 1791, na ndani yake kuna maelezo ya namna samaki mkubwa mwenye kinywa kipana, yule tunayemwita besi, alivyovuliwa Florida. Watu wawili walipanda mtumbwi. Mmoja alikaa nyuma akiupeleka polepole kando ya majani, mwingine alikaa mbele na ufito wa futi 10 hadi 12. Mshipi ulikuwa mfupi mno, haufiki futi mbili, na mwisho wake ulibeba ndoana tatu kubwa zilizofungwa mgongo kwa mgongo, zikafichwa kwa nywele nyeupe za mkia wa kulungu, vipande vya kitambaa chekundu na manyoya ya ndege ya rangi mbalimbali. Mvuvi alikiyumbisha chambo hicho juu ya maji, mara kiguse, mara kiinuke, mpaka samaki achomoke mafichoni na kukivamia.

Katika furushi lile hapakuwa na kitu cha kuliwa. Hata hivyo, waliolifunga walikuwa wamemwelewa besi kuliko wengi waliokuja baadaye. Besi ni mviziaji. Hukaa kwenye kivuli cha gogo, cha majani au cha mwamba, akisubiri windo lipite karibu, kisha hufungua kinywa ghafla na maji huingia pamoja na windo. Hapendi kufukuza mbali. Mara nyingi hushambulia kitu kwa sababu kimempitia puani, awe na njaa au asiwe nayo. Kwa hiyo chambo chake si lazima kifanane na chakula, ila ni lazima kifike alipojificha na kikifika kicheze. Ugumu uko hapo hapo, kwa kuwa mahali anapojificha ndipo ndoana hunasa mizizi na mshipi hukatika.

Historia ya vifaa vya kumvulia besi ni historia ya kuutatua ugumu huo, na kinachonivutia ni watu walioutatua. Wengi wao hawakuwa wavuvi wa kazi wala watengenezaji wa zana za uvuvi. Kila mmoja alikuja na ujuzi wa karakana yake.

Wa kwanza walikuwa mafundi saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris jimboni Kentucky, fundi saa na mfua fedha aliyeitwa George Snyder alitengeneza rili ya shaba yenye gia, ambayo mkono ukizungushwa mara moja gurudumu la mshipi linazunguka mara kadhaa. Rili za gia zilikuwa zimeshajulikana Uingereza, lakini zilikuwa nzito na zenye kukwama. Ya Snyder ilikatwa kwa usahihi wa saa ya mfukoni, na gurudumu lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba samaki mdogo aliyetungikwa kwenye ndoana alitosha kulivuta na kuutoa mshipi anaporushwa. Ndugu wawili, Jonathan na Benjamin Meek, nao mafundi saa, wa mji wa Frankfort, wakaiendeleza kazi hiyo mpaka rili ya Kentucky ikapata sifa nchi nzima. Tangu hapo mvuvi hakulazimika kusogea hadi juu ya kichwa cha samaki kama wale wa Florida. Aliweza kusimama mbali na kurusha.

Heshima ya samaki mwenyewe ilichelewa. Waungwana wa Marekani walifuata desturi za Uingereza, na kwao samaki wa kuvuliwa kwa starehe walikuwa trauti na samoni, huku besi akihesabiwa samaki wa wanakijiji. Daktari James Henshall ndiye aliyemtetea kwa nguvu zote katika kitabu chake cha 1881, *Book of the Black Bass*, akaeleza maumbile yake, tabia zake na fito zinazomfaa. Baada ya kitabu hicho palikuwa na soko, na penye soko wachongaji hawakosekani.

Tayari kulikuwa na kijiko. Inasimuliwa kwamba Julio Buel akiwa kijana huko Vermont aliangusha kijiko cha kulia ziwani, akaona samaki akikidaka kinapozama kikimeremeta. Hadithi hiyo haina shahidi, ila hataza aliyoipata Buel mwaka 1852 ipo, na bati linalozunguka na kumeta majini bado linauzwa karibu kila duka la zana za uvuvi.

Kisha akaja James Heddon wa Dowagiac, Michigan, ambaye wafugaji nyuki walimfahamu kabla ya wavuvi, maana aliwahi kubuni mzinga uliobeba jina lake. Husemwa kwamba siku moja akimsubiri rafiki kando ya bwawa, alichonga kipande cha mti kwa kisu na kukitupa majini, na besi akakirusha juu. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa akichonga vyura wa mti kwa mkono na kuwagawia rafiki zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 familia yake ilikuwa na kiwanda kinachouza vyambo vya mti vilivyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Chambo kinachoelea na kupiga mawimbi juu ya maji kilikuwa na faida mbili kwa mpigo: hakinasi mizizi ya chini, na mvuvi hulishuhudia shambulio kwa macho yake. Nadhani hii ya pili ndiyo iliyowanasa wavuvi.

Huko Garrett, Indiana, kampuni ya Creek Chub, iliyoanzishwa 1916, iliongeza jambo linaloonekana dogo: ulimi wa bati chini ya kidevu cha chambo. Mvuvi akivuta, maji hugonga ulimi ule, chambo kinazama kichwa mbele na mwili unatikisika kushoto na kulia. Kabla ya hapo uhai wa chambo cha mti ulitegemea zaidi mkono wa mvuvi. Sasa hata asiyejua kitu angevuta tu na chambo kikaogelea chenyewe. Besi huhisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa vitundu vya hisia ulio ubavuni mwake, na ndiyo maana hadi leo, maji yakiwa na tope, mvuvi huchagua kwanza chambo kinachotikisika sana na rangi huiwaza baadaye.

Chambo cha kampuni hiyo ndicho kilichomvua besi mashuhuri kuliko wote. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry, mkulima wa umri wa miaka 20 katika jimbo la Georgia, hakuweza kulima kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha shamba. Akaenda na mwenzake kwenye ziwa Montgomery, mkono uliojitenga wa mto Ocmulgee, wakiwa, kama inavyosimuliwa, na ufito mmoja na chambo kimoja cha kupokezana. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi na nyumbani kulikuwa na watu wa kulisha. Perry alirusha, maji yakachemka, akavuta, kisha mshipi ukagoma kama umenasa gogo. Besi yule alipopimwa mjini alikuwa na uzito wa ratili 22 na wakia 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Perry alimpeleka nyumbani na familia ikamla. Uzito huo ulisimama peke yake kwa miaka 77, mpaka Julai 2009, Manabu Kurita alipovua besi wa uzito huohuo, akizidi kwa chini ya wakia moja, katika ziwa Biwa nchini Japani. Kwa kanuni za kimataifa tofauti ndogo hivyo haivunji rekodi, kwa hiyo wawili hao wanaishika pamoja.

Vita vya pili vya dunia vilibadilisha vitu ambavyo zana zilitengenezwa navyo. Mishipi ya hariri na kitani, iliyopaswa kuanikwa kila jioni isioze, iliondolewa na nailoni, ambayo DuPont iliitangaza mwaka 1938. Fito za mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa zikaziachia nafasi fito za faibaglasi, na kuanzia miaka ya 1970 zikaja za nyuzi za kaboni, nyepesi hata mkono husikia samaki akigusa tu. Rili nayo ilirudi kwa fundi saa mwingine. R. D. Hull wa Texas alichoshwa na mshipi unaotatana kila gurudumu likizunguka kwa kasi kupita chambo. Alipomwona muuza duka akichomoa uzi kutoka kwenye kibiringo kisichozunguka, alipata jibu lake. Aliipeleka rili yake Tulsa, kwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya kulipulia visima vya mafuta, na mwaka 1949 ikaanza kuuzwa. Kampuni ile ni Zebco, na kwa rili hiyo mtoto mdogo anaweza kurusha mshipi bila kuutatanisha.

Mwaka huohuo, huko Akron, Ohio, fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walikuwa wakichemsha plastiki nyumbani, wakiimimina kwenye kalibu iliyotokana na nyungunyungu halisi. Kama ningelazimika kubaki na chambo kimoja cha besi, ningechukua hicho. Ni laini, samaki akikiuma hakitemi upesi. Kinashuka polepole kikipinda. Wavuvi wa Texas waligundua namna ya kukitumia iliyouondoa ule ugumu wa zamani: chubwi ya risasi yenye umbo la pia hutangulia, ndoana hupitishwa kichwani mwa mnyoo, hugeuzwa, na ncha yake huzikwa ndani ya mwili wa plastiki. Hapo chambo hupenya matawi na magugu bila kunasa chochote, mpaka samaki abane kinywa na mvuvi apige ufito juu ili ncha ichomoze. Ubaya wake ni kwamba plastiki hiyo haiozi, na vipande vilivyochanika hubaki chini ya maziwa.

Matawi yalikuwa mengi kwa sababu mabwawa yalikuwa mengi. Tangu serikali ya Marekani ilipounda mamlaka ya bonde la Tennessee mwaka 1933, mabonde yalifurika na misitu ikazama, na besi wakapata makao mapana. Mvuvi alielea juu ya maji asiyoyajua chini, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 Carl Lowrance na wanawe walipoanza kuuza kipima kina kidogo cha kutumia mwangwi. Kisha mwaka 1967 wakala wa bima wa Alabama, Ray Scott, aliitisha mashindano katika ziwa Beaver, Arkansas, wakaja wavuvi 106. Mashindano yalileta fedha, boti za kasi na vyambo vipya kila msimu. Yalileta pia desturi ambayo naiheshimu kuliko vifaa vyote: kuanzia 1972 Scott aliwahimiza washindani kuwaweka samaki hai katika matangi ya boti, wakawapime, na kuwarudisha majini.

Samaki huyu amesafirishwa mbali kuliko ilivyostahili. Japani ilimpokea 1925, na sasa sheria yake inamhesabu mvamizi. Naivasha, Kenya, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya starehe ya walowezi. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo alionekana mara ya mwisho 1962. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya kusini mwa Marekani, na besi wakubwa wakawageukia kuwa chakula chao. Ndiyo sababu chambo chenye rangi ya kahawia iliyoiva au nyekundu, kinachorukaruka chini kwa kurudi kinyumenyume, hufaa pale.

Na tangu maji ya Naivasha yalipopanda katika miaka ya karibuni, migunga ya ukingoni imesimama ndani ya ziwa ikiwa mikavu, matawi yake yakiwa yamezama nusu. Chambo cha mti cha Heddon au cha Creek Chub kina ndoana zilizo wazi pande zote, na katika matawi hayo hakitadumu. Pale hufaa mnyoo wa Creme, ncha ya ndoana ikiwa imezikwa, chubwi nyepesi mbele, ukiachwa ushuke wenyewe kwenye kivuli cha shina.