Zilipendwa zilizowahi kukatazwa

Jamani, safari hii basi letu liliharibika Rungwa, kwenye njia ya kutoka Itigi kwenda Makongolosi. Nikajisogeza kibanda cha chai. Nakuta mzee mmoja na redio yake ndogo, anamsikiliza Otis Redding!

"Shikamoo mzee. Soul huku porini?"

"Marahaba. Huyo nilimcheza Dar es Salaam mpaka wakamkataza."

Mzee hatanii. Operesheni Vijana ilianza Januari 1969, ikikamata vimini, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wetu. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka minane tu, kwa hiyo woga ule naulewa.

Lakini hoja yenyewe ilipwaya. Mwaka 1968 James Brown alitoa wimbo wa kujivunia weusi. Huo nao ni ukoloni? Na zilipendwa tunazoziita zetu je? Bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro iliitwa Cuban Marimba, Cuba hadi kwenye jina! Wanamuziki wetu walichukua magitaa na midundo ya ng'ambo, wakatia Kiswahili, ikawa mali yetu. Soul ilinyimwa nafasi hiyo.

"Tuliambiwa tunaiga," mzee akasema. "Mimi nilikuwa napenda tu."

Basi likawaka, nikaaga. Msomaji, wazee wako walicheza nini ujanani? Waulize mapema.