Barabara Hutunzwa Mvua Inapokatika

Ndugu mkulima wa Karagwe na Kyerwa, masika yakikolea, njia ya kutoka shambani mpaka barabara kubwa hugeuka tope, na mikungu ya ndizi ikakwama. Wengi wetu tunasubiri greda. Basi tuitazame historia yake.

Nchi za baridi hulitumia greda kusukuma theluji. Kwetu linasukuma udongo. Mwaka 1931 kampuni ya Caterpillar ya Marekani ilitoa greda la injini lililoundwa zima kwa kazi hiyo. Lakini mkulima mmoja wa huko, D. Ward King wa jimbo la Missouri, hakusubiri injini. Mwaka 1896 alifunga mbao nzito nyuma ya farasi, akaziburuta barabarani mvua ilipokatika. Akarudia kila baada ya mvua. Udongo wa pembeni ukasogea katikati, barabara ikapata mgongo, maji yakateremka pande zote mbili. Mwaka 1908 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatoa kijitabu chake kwa wakulima.

Unaona, ndugu mkulima, adui ni maji. Hata greda likipita, likiacha tuta pembeni, maji hufungiwa ndani na njia huwa mto.

Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA, lakini kinjia cha shambani ni chako. Tope likianza kushika, kusanya majirani na majembe. Toboeni tuta, zibueni mtaro, rudisheni udongo katikati. Maji msiyaelekeze shambani kwa mtu. Haya, kazi kwako.