King'ora Humlilia Nani? Gofu, Radi na Thamani ya Mtazamaji

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake, lakini pia umekuwa maficho ya wengi waliopaswa kuwajibika. Radi inapoua, watu huwa wepesi zaidi kuukimbilia, maana nani awezaye kulishtaki wingu? Historia ya gofu ya kulipwa inatupa nafasi nzuri ya kuupima msemo huu. Gofu huchezwa mahali pa wazi, kati ya miti mirefu na mabwawa, na watu walioshika fimbo za chuma, mbele ya maelfu ya watazamaji waliolipa kiingilio. Kila msimu huulizwa: je, mchezo usimamishwe hali ya hewa inapochafuka? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Lililobaki kuwa deni ni jingine: unaposimamishwa, husimamishwa kwa ajili ya nani?

Tuwatendee haki kwanza wale wasiopenda usimamishwe. Gofu ililelewa katika pwani za Uskoti, penye upepo usiokoma na mvua isiyo na miadi. Kwa wazee wa mchezo huu, upepo ulikuwa sehemu ya mtihani, na kumwondolea mchezaji upepo ni sawa na kumwondolea mwanafunzi maswali magumu. Mwaka 1938, mashindano ya The Open yalipofanyika Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza, dhoruba ilirarua hema kubwa la maonyesho, na mchezo ukaendelea. Reg Whitcombe alitwaa ubingwa kwa jumla ya mikwaju 295, raundi ya mwisho akiimaliza kwa mikwaju 78, hesabu ambayo katika siku ya shwari isingemletea sifa yoyote. Mwaka 1961 huko Royal Birkdale mahema yaliangushwa tena na mvua ikaifuta siku nzima ya mchezo. Arnold Palmer aliibuka mshindi, na ushindi ule ukapata utukufu kwa sababu ya dhoruba ile.

Kanuni za gofu zimeuheshimu mtazamo huo hadi leo. Mchezaji haruhusiwi kuacha kucheza kwa sababu tu mvua inanyesha au baridi ni kali. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu kuacha, hata kama waandaaji hawajatamka neno, iwapo ana sababu ya msingi ya kuamini kwamba kuna hatari ya radi. Na waandaaji wanapopuliza king'ora kwa mlio mmoja mrefu, maana yake ni hatari: hakuna ruhusa ya kupiga hata mkwaju mmoja zaidi, na anayekaidi bila sababu ya haki hutolewa mashindanoni. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, ambako aliyekwisha kuanza shimo anaweza kulimaliza. Milio miwili mifupi ni kurejea. Kwa hiyo sheria inatenganisha mambo mawili: hali ya hewa inayompima mtu, na hali ya hewa inayoweza kumuua. La kwanza huvumiliwa. La pili halina ushujaa ndani yake.

Utengano huo haukuja kwa hekima peke yake. Tarehe 27 Juni 1975, katika mashindano ya Western Open kwenye uwanja wa Butler National, karibu na Chicago, Lee Trevino na Jerry Heard walikuwa wameketi kando ya shimo la 13 wakisubiri mvua ipungue. Radi ikapiga, na mkondo wa umeme ukawapitia miilini. Bobby Nichols alipigwa sehemu nyingine ya uwanja huohuo. Wote watatu walipelekwa hospitalini, na wote walipona. Trevino, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kuliko wote duniani, alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na maumivu yakamfuata miaka mingi baadaye, ingawa alijikongoja na kutwaa ubingwa wa PGA mwaka 1984. Baada ya siku ile hakuna aliyeweza tena kusema kwamba radi ni hadithi ya kutishia watoto. Hatua kwa hatua mashindano makubwa yakaanza kuwa na mitambo ya kugundua radi, wataalamu wa hali ya hewa, na magari ya kuwaondoa wachezaji uwanjani kwa haraka.

Sasa msomaji atazame kilichotokea miaka 16 baadaye. Juni 1991, siku ya kwanza ya US Open huko Hazeltine, Minnesota, dhoruba ilikaribia na mchezo ukasimamishwa. Wachezaji wakaondolewa. Watazamaji, waliokuwa maelfu, walitafuta hifadhi kila mmoja kwa akili yake. Sita walijibanza chini ya mti mmoja karibu na shimo la 11. Radi ikaupiga, wote sita wakaanguka, na kijana mmoja wa miaka 27 hakuamka tena. Mashindano yaliendelea, na Payne Stewart akawa bingwa. Haikupita hata miezi miwili. Agosti mwaka huohuo, katika mashindano ya PGA huko Crooked Stick, Indiana, mchezo ulisimamishwa tena kwa sababu ya radi. Mtazamaji mmoja, baba wa watoto, alifuata ushauri ambao kila mtu angempa: aliondoka uwanjani kwenda kwenye gari lake. Radi ilimuua akiwa eneo la maegesho. John Daly, aliyeshinda mashindano hayo, alitoa sehemu ya zawadi yake kwa ajili ya elimu ya mabinti wa marehemu. Lilikuwa tendo la utu. Lakini tusisahau kwamba aliyetoa fidia hiyo ni mchezaji kijana aliyekuwa hana kosa lolote.

Vifo hivi viwili vina jambo moja la kutisha: vyote vilitokea baada ya mchezo kusimamishwa. King'ora kilikuwa kimefanya kazi yake, na mpira ulikuwa umetulia. Mfumo ulikuwa umejengwa kwa kumfikiria mchezaji, naye akaokoka. Mtazamaji hakuwa na gari la kumchukua, wala jengo la kumsitiri, wala muda wa kutosha wa kutembea kutoka katikati ya uwanja hadi langoni. Wabeba mikoba ya fimbo, yaani makedi, pamoja na wauza vinywaji na wasimamizi wa kujitolea, nao walikuwa katika hesabu hiyo ya waliosahauliwa.

Kosa hilo halikuisha mara moja. Agosti 2019 huko East Lake, Atlanta, mshindi wa msimu alikuwa akisubiriwa na dola milioni 15. Mchezo ulisimamishwa, na yapata nusu saa baadaye radi ikapiga msonobari uliokuwa na watu karibu yake. Sita walijeruhiwa. Bahati ndiyo iliyofanya tusizike mtu.

Hapa ndipo wataalamu wana la kutufundisha. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 kati ya mmweko na ngurumo ni karibu kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na huo tayari ni umbali wa hatari. Mti si kinga, kwani mkondo unaweza kuruka kutoka shinani hadi mwilini mwa mtu au kusambaa ardhini alipokanyaga. Kinga ni jengo imara au gari lililofungwa, na kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye gari la kumwondoa aweza kuitwa dakika za mwisho, lakini umati wa watu maelfu hauwezi. Anayetaka kuwalinda wote lazima apime muda kwa mwendo wa mtembea polepole kuliko wote: mzee, mama mwenye mtoto, kedi mwenye mzigo begani.

Kinachozuia hilo ni fedha na ratiba. Matangazo ya televisheni yamekwisha kununuliwa, na wachezaji wenyewe hulalamika. Mwaka 2015 huko St Andrews walianza asubuhi katika upepo uliokuwa ukiisogeza mipira iliyotulia, wakasimamishwa baada ya dakika 32, wakakaa zaidi ya saa 10. Waliokuwa wamepoteza mikwaju katika dakika hizo walikuwa na haki ya kununa. Lakini malalamiko hayo hayapingi kusimamisha. Yanapinga kuchelewa kuamua.

Na ushahidi upo kwamba inawezekana. Februari 2024, huko Pebble Beach, California, raundi nzima ya mwisho ilifutwa kwa sababu ya upepo mkali, baada ya waandaaji kushauriana na mamlaka za dharura za eneo hilo. Mashindano hayo yalikuwa na zawadi za dola milioni 20. Wyndham Clark alitangazwa mshindi kwa raundi tatu, na watu wakabaki majumbani mwao. Uamuzi ulitolewa kabla ya umati kukusanyika. Mlinda lango alilindwa sawasawa na bingwa.

Kwa nini mhadhiri wa Afrika Mashariki ajishughulishe na michezo ya matajiri wa mbali? Kwa sababu radi si ya mbali. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mwaka 2011 wanafunzi 18 waliuawa na radi katika shule moja huko Kiryandongo, Uganda. Oktoba 2018 wanafunzi 6 walifariki Geita, Tanzania. Hao hawakuwa wameshika fimbo za chuma uwanjani. Walikuwa shuleni, chini ya ulinzi wetu. Kuhesabu sekunde hakuhitaji mtambo. Kufunga vipitisha radi juu ya paa la shule, na kuunganisha nyaya zake ardhini ipasavyo, kunahitaji bajeti ndogo kuliko ile ya sherehe nyingi za serikali.

Gofu ya kulipwa ilianza kwa kumlinda bingwa, ikazika watazamaji wawili katika kiangazi kimoja, na inaendelea kujifunza polepole kumhesabu kila aliyepita langoni. Sisi tuanze na swali dogo. Katika shule ya mtaa wako, ngurumo ikisikika wakati watoto wako uwanjani, nani amepewa mamlaka ya kupiga kengele, na watakimbilia jengo gani? Kama mwalimu mkuu hana jibu, tusije tukasema kesho kwamba ajali haina kinga.