Kuunga Belti Si Umaskini

Wiki jana nilikuwa Kariobangi Light Industries kwa fundi mmoja wa mashine ya kukereza vyuma. Chini ya meza yake kuna mkebe wa rangi umejaa vipande vyeusi, vifupi kama kidole, kila kimoja na kishikizo cha chuma mwishoni. Nikadhani ni takataka. "Hizo ni belti, kijana," mzee akaniambia. Belti tatu kuukuu zimevunjwa pingili moja moja. Mimi na ujuaji wangu nikasema moyoni, haya sasa, jua kali na mambo ya kuungaunga.

Nimesoma kidogo tangu siku hiyo na nasema wazi nilikosea. Ule mkanda ulitoka kiwandani ukiwa umeundwa ili uvunjwe.

Turudi nyuma. Kabla kila mashine ipate mota yake, karakana nzima ilivutwa na injini moja ya mvuke au gurudumu la maji. Shafti ndefu ilipita juu karibu na paa, na kutoka hapo mikanda bapa ya ngozi ikashuka hadi kwa kila mashine. Mwaka 1828 huko Lowell, Massachusetts, Paul Moody aliweka mikanda ya ngozi kwenye kiwanda cha nguo cha Appleton badala ya giya za chuma.

Shida ya ngozi ni moja: inarefuka. Kwa hivyo kukata kipande, kutoboa matundu na kushona zile ncha mbili ilikuwa kazi ya kawaida tu. Baadaye zikaja klipu za chuma. Kampuni ya Flexible Steel Lacing ilianzishwa Chicago mwaka 1907 kwa biashara hiyo hiyo. Yaani watu walikuwa wanakula na kulipa kodi ya nyumba kwa kuunga belti, mjini Chicago, na sidhani kuna mtu aliwaonea huruma.

Mwaka 1917 John Gates wa Denver akaleta mkanda wa raba wa umbo la V, unaokaa ndani ya mfereji wa puli. Unashika vizuri kuliko ule bapa, hilo sibishi. Lakini ule mkanda ni duara, hauna mwanzo wala mwisho. Ukikatika, umekatika. Na kwenye mashine nyingi za zamani za kukereza, mkanda unapita katikati ya beringi mbili za shafti kuu. Kuingiza mpya lazima utoe shafti. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima, na shafti iliyozoea mahali pake miaka 30, ukiitoa, ni bahati ikirudi ikiwa sawa vile ilikuwa.

Hapo ndipo mkanda wa pingili unaonyesha thamani yake. Ni umbo la V lile lile, ila umejengwa kwa vipande vya kitambaa na raba vinavyolaliana kama magamba. Uingereza, jina la Brammer lilijulikana sana kwa mikanda hii. Unapitisha ncha kando ya shafti bila kufungua beringi, unaunga, unawasha. Ukilegea, unatoa pingili moja. Fenner, kampuni iliyoanza na mikanda ya ngozi mjini Hull mwaka 1861, bado inauza aina mpya ya plastiki ngumu isiyo na chuma kabisa.

Mzee alinionyesha vile anavunja. Kwanza anazima umeme ukutani, sio kwa swichi ya mashine. Anakunja mkanda kinyume, anasokota ile pingili robo mzunguko hadi kichwa cha kishikizo kilingane na tundu, kisha anakisukuma kitoke. Kutu ikikaza anatumia koleo, polepole. Halafu anachagua, na hapa ndipo kazi yenyewe iko. Raba ikipasuka ukiikunja, inatupwa. Tundu likivutwa likawa refu, linatupwa. Kishikizo kilicholika kichwa pia. Zilizobaki anazipanga kwa unene, maana pingili nene kati ya nyembamba inafanya mkanda uruke kila ikipita kwenye puli, na chuma unachokereza kinatoka na mawimbi. Kutoka belti tatu alipata moja na ziada kidogo. Anaifunga ikiwa fupi kiasi, kwa sababu itarefuka siku za kwanza, na ncha za pingili zinaelekea nyuma ya mwendo, zisije zikakwaruza.

Sisemi iende kila mahali. Kisiagi chenye mikanda mitatu sambamba kinataka yote mitatu ibadilishwe pamoja, na pingili za zamani hapo ni kujitafutia balaa. Na mkanda mpya wa pingili ni ghali kuliko wa duara, ndiyo maana ule mkebe haumwagwi.

Nilimuuliza mbona asinunue tu belti mpya. Akacheka. Saizi ya mashine yake ameitafuta mjini mara nyingi, anapewa fupi au ndefu. Akafunga pingili ya mwisho, akazungusha puli kwa mkono mara mbili, kisha akaniambia nisogee kando awashe.