Fimbo na Kitufe

Agosti 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini, Jarkko Oikarinen alitengeneza programu ya kuwawezesha watu wengi kusogoa kwa maandishi kwa wakati mmoja. Akaiita IRC. Kanuni yake ya madaraka ilikuwa nyepesi: anayeingia wa kwanza katika chaneli tupu ndiye msimamizi, na jina lake hutanguliwa na alama ya @. Anaweza kumtoa mtu, kumpiga marufuku, au kumpa mwenziwe alama hiyohiyo. Hakuna anayemuuliza umri, ukoo wala busara yake. Amewahi, basi.

Katika vilima vya Burundi kulikuwa na cheo ambacho mtu hakukipata kwa kuwahi. Bashingantahe, wasuluhishi wa jamii tangu enzi za wafalme, wanaitwa hivyo kwa sababu ya intahe, fimbo ya haki, na kitendo cha kuisimika. Aliyetarajiwa kuingia humo alitazamwa kwa miaka: je, ni mkweli, anatunza siri, ana kiasi katika pombe, anakula jasho lake? Aliketi karibu na wazee akisikiliza mashauri, akajifunza wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Siku ya kutawazwa aliapa hadharani, na waliokuwepo ndio waliokuwa mashahidi wa kiapo hicho. Tusiupambe mfumo huo kupita kiasi. Wanawake na watu wa jamii ya Watwa walifungiwa mlango wake kwa muda mrefu, na gharama ya pombe ya sherehe ilimweka nje maskini mwenye hekima. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa la maana: mtu huyu anaishije na wenzake hata kabla hatujampa chochote?

Sisi wenye makundi ya WhatsApp tumerithi Oulu. Anayefungua kundi ndiye admini, hata kama amelifungua akiwa kwenye daladala na nia yake ni michango ya harusi moja tu. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: admini aliye peke yake akijitoa, WhatsApp huteua mwanakundi mwingine kwa bahati nasibu. Waathene wa kale nao waliwapata maofisa wao wengi kwa kura ya bahati. Ila kwao, aliyeangukiwa na kura alipimwa kwanza katika mahojiano yaliyoitwa dokimasia, na muda wake ulipokwisha alitoa hesabu ya alichofanya. Sisi tumebaki na bahati nasibu tupu. Jambo hili halikuwa na uzito kundi lilipokuwa la watu ishirini. Mwaka 2016 ukomo ulifika watu 256, na mwishoni mwa 2022 ukafika 1,024. Hilo si baraza tena, ni mtaa mzima.

Watu wa IRC waliuona mapema udhaifu wa kuwahi. Mawasiliano baina ya seva yalipokatika, mjanja aliweza kujikuta peke yake katika chaneli upande mmoja, akapata @, na seva zilipoungana tena akarudi na madaraka ambayo hakuna aliyempa. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kiufundi: roboti za kulinda chaneli usiku na mchana, kisha huduma za kusajili chaneli kwa jina la mwenyewe. Dawa ya pili, kwangu mimi ndiyo ya kuvutia zaidi, ilikuwa ya adabu. Mtandao wa Freenode, uliokuwa makao ya miradi mingi ya programu huria, uliwashauri wasimamizi wake wasikae wamevaa @. Waivae wanapoihitaji, wakimaliza waivue. Ukawataka pia wawatambue wanachama wanaotuliza ugomvi kwa maneno tu, bila kugusa kitufe chochote. Mei 2021, baada ya mvutano juu ya umiliki, wafanyakazi wa kujitolea wa Freenode waliondoka kwa pamoja na kuanzisha Libera Chat, na desturi hiyo wakahama nayo.

Hapa Oulu na Burundi zinakaribiana kuliko nilivyotarajia. Kote kuwili msimamizi bora ni yule ambaye mamlaka yake hayatumiki ovyo, na kote kuwili dalili ya anayefaa huonekana kabla ya cheo. Lakini fimbo ya Burundi ilikusudiwa kuonekana. Aliyeiona alijua yuko mbele ya nani, akapunguza sauti. Alama ya @ hufichwa kwa sababu kinyume chake: mgeni mchokozi akiiona hupata mtu wa kumchokoza. Penye kujuana, alama huleta heshima, na penye majina ya bandia alama hiyohiyo hualika vita.

Kampuni ya America Online ilijaribu njia ya tatu, ya ajira isiyo na mshahara. Katika miaka ya 1990 ilikuwa na maelfu ya wasimamizi wa kujitolea katika vyumba vyake vya soga. Walifundishwa, wakapangiwa zamu, wakaandika ripoti, na malipo yao yalikuwa muda wa bure mtandaoni. Muda huo ulikuwa na thamani wakati wateja walipolipa kwa saa. Desemba 1996 kampuni ikaanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo cha matumizi, na zawadi ile ikanywea. Mwaka 1999 baadhi ya waliojitolea walifungua kesi wakidai kwamba walichofanya ni kazi, na mwaka 2010 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 15. Mpango wenyewe ulikuwa umeshafungwa mwaka 2005.

Nikiisoma habari hiyo huwakumbuka abunzi wa Rwanda, jina linalosikika jirani kabisa na kuunga kwetu. Ni wapatanishi waliotajwa katika Katiba ya mwaka 2003, wanaochaguliwa miongoni mwa wakazi kwa sifa ya uadilifu. Nao hawana mshahara. Serikali huwalipia bima ya afya, wao na familia zao. Tofauti iko kwa anayefaidika. Abunzi hutumikia kitongoji wanachoishi, na faida ya amani wanaiona mlangoni mwao. Msimamizi wa America Online aliitumikia jamii yake pia, tena kwa moyo, ila amani aliyoilinda ilikuwa bidhaa iliyouzwa na mwingine. Anayetaka kuajiri watu wa kujitolea ajibu kwanza swali hilo la nani anafaidika.

Halafu kuna sheria. Kabla ya uchaguzi wa 2017 mamlaka za Kenya zilitoa miongozo iliyosema kwamba kudhibiti yaliyomo ni wajibu wa msimamizi wa jukwaa la kijamii. Nchini India, Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021 na ile ya Kerala mwaka 2022 ziliona vingine: admini wa WhatsApp habebi jinai ya ujumbe ulioandikwa na mwanakundi mwingine. Kila upande una hoja. Kenya ilikuwa ikikumbuka umwagaji damu wa 2007 na 2008, ambapo ujumbe wa simu wa chuki ulisambaa. Mahakama za India zilitazama kitufe chenyewe, zikauliza admini angezuiaje neno ambalo hajaliona. Mimi naegemea India kwa habari ya jinai, na Kenya kwa habari ya wajibu.

Kuhusu mafunzo sina mengi. Discord, iliyozinduliwa 2015, iliwahi kuwa na chuo chake cha wasimamizi, chenye masomo na mtihani. Mtihani hufundisha kanuni, na kuketi karibu na wazee hufundisha wakati wake. Mgeni wa kusimamia chaneli anahitaji vyote viwili: wiki kadhaa za kutazama msimamizi mkongwe akiamua, akiuliza faraghani kwa nini huyu alionywa na yule akatolewa.

Ila kuna somo ambalo Ufini haikulitunga, wala Discord haikulitahini. Katika kundi la ukoo wetu, lenye watu Tanga, Mombasa na Maskati, admini ni mpwa wangu, kwa kuwa ndiye aliyelifungua. Usiku mmoja mjomba mkubwa alituma habari ya uzushi kuhusu chanjo. Mpwa aliweza kuifuta kwa kidole kimoja, lakini hakuthubutu. Alimpigia shangazi, na shangazi akamwandikia mjomba faraghani: “Kaka, shikamoo. Ile habari inawatia watoto hofu, hebu itoe.” Mjomba akaifuta mwenyewe. Kitufe kilikuwa kwa kijana, fimbo ilikuwa kwa shangazi, na kundi liliwahitaji wote wawili. Tangu hapo shangazi naye ni admini, ingawa hajawahi kubonyeza chochote.

Kwa hiyo msomaji mwenye kundi, usitangaze kwamba unatafuta wa kujitolea, maana watakaojitokeza kwanza ni wapenda vitufe. Pitia mazungumzo ya miezi mitatu nyuma, uone ni nani ambaye akiandika, wengine hupoa. Mwombe huyo. Na kama uko peke yako, mwombe wiki hii, kabla simu yako haijaibiwa.