Shahada ya Uzamili ya Famasia: Mambo ya Kuzingatia kwa Wafamasia wa Same na Milima ya Upare

Same, Kilimanjaro

Mfamasia anayefanya kazi wilayani Same huhudumia mazingira mawili yasiyofanana. Tambarare kuna Hedaru, Makanya na mji wa Same, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Moshi na Arusha. Milimani kuna Chome, Mamba, Mbaga na Vudee, ambako mvua kubwa huweza kuchelewesha shehena ya dawa. Anapofikiria kujiendeleza kwa shahada ya uzamili, swali la kwanza kwake si chuo kipi kina jina kubwa, bali ni kazi ipi anakusudia kuifanya kwa ubora zaidi atakaporejea. Shahada hizi zimegawanyika kwa fani, na aliyekwisha kuhitimu fani moja hawezi kuigeuza kuwa nyingine kwa sababu tu tangazo la kazi limedai hivyo.

Fani iliyo karibu zaidi na mgonjwa ni famasia ya hospitali na tiba. Humwandaa mfamasia kuketi na daktari na muuguzi wodini, kupitia dawa alizoandikiwa mgonjwa, kubaini zinazogongana na kurekebisha dozi kwa mwenye maradhi ya figo au kwa mzee anayetumia dawa za kisukari na za shinikizo la damu kwa wakati mmoja. Usimamizi wa matumizi ya antibiotiki, ambao ni msingi wa mapambano dhidi ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA), umo pia katika fani hii. Mwombaji ajiulize mapema iwapo hospitali yake ina wodi na wagonjwa wa kutosha kuutumia ujuzi huo.

Fani ya usimamizi wa dawa na ugavi huenda ndiyo inayogusa zaidi maisha ya kila siku ya wilaya yenye milima. Dawa za vituo vya umma hutoka Bohari ya Dawa (MSD), ambayo ina kanda yake mjini Moshi, takriban kilomita 100 kutoka Same. Zikikosekana huko, kituo hununua kwa mshitiri kupitia mfumo wa Jazia, ulioanza kwa majaribio mkoani Dodoma mwaka 2014. Mfumo wote huo hutegemea maoteo. Zahanati ya mlimani ikiagiza pungufu, mgonjwa hushuka tambarare kutafuta dawa. Ikiagiza kupita kiasi, dawa huisha muda wake ikiwa rafuni. Ni kazi isiyosifiwa sana, lakini upungufu wake huonekana mara moja.

Zipo pia fani za famasia ya viwandani na za udhibiti wa ubora, zinazowafaa zaidi wanaolenga viwanda, maabara au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwezi Desemba 2018 mamlaka hiyo, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti wa dawa. Kwa upande wa dawa za mimea, Taasisi ya Dawa Asilia iliyopo Muhimbili ni mahali pa kuanzia kuulizia.

Nchini, chuo chenye historia ndefu zaidi katika taaluma hii ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ambako mafunzo ya famasia yalianza mwaka 1974 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika ukanda, Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda vina programu za uzamili katika fani mbalimbali za dawa na ugavi. Anayekwenda nje ya nchi anapaswa kuwasiliana na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kulipa ada, kwa kuwa Tume ndiyo inayotambua tuzo za vyuo vya nje. Kuulizia baada ya kuhitimu ni kuchelewa.

Maombi ya uzamili hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wake wa mtandao. Kwa kawaida huhitajika vyeti na transkripti, uthibitisho wa usajili wa Baraza la Famasi na barua za wadhamini wa kitaaluma. Pale ambapo shahada ya kwanza haikupangwa kwa madaraja, chuo huangalia wastani wa alama. Jambo dogo linalokwamisha wengi ni majina: cheti cha sekondari kikiwa na jina moja na kitambulisho cha Taifa jingine, hati ya kisheria ya kuthibitisha majina iandaliwe mapema.

Kwa mtumishi wa umma, hata hivyo, safari huanzia kwa mwajiri. Anatakiwa awe amethibitishwa kazini, jina lake liingizwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na apate ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba, ilhali mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Anayesubiri barua ya udahili ndipo amweleze mwajiri hukuta fedha zimekwisha kupangwa. Wizara ya Afya nayo hutoa ufadhili wa masomo ya ubingwa kwa wataalamu wa afya. Matangazo yake yafuatiliwe katika tovuti rasmi, si kwa mawakala wanaodai malipo ya kumpatia mtu nafasi.

Linabaki suala la kituo kinachoachwa. Pale penye mfamasia mmoja, kuondoka kwake kwa miaka miwili humwachia stoo mteknolojia dawa ambaye tayari ana dirisha la wagonjwa la kuhudumia. Kwa sababu hiyo barua ya kuomba ruhusa inayopendekeza nani atakaimu, na lini dawa na leja zitahesabiwa na kukabidhiwa, humrahisishia mwajiri uamuzi. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya mvua za vuli, wakati barabara za milimani bado zinapitika na vituo vya juu vinaweza kuletewa akiba yao.