Mtani wa Chini ya Mkuyu — Sehemu ya Pili: Kibubu

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA

Jumanne ya tarehe 24 Agosti 2021, Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, alitambulishwa Yanga. Mkuyuni, kwetu Uluguru, haikulala. Mjomba wangu, mwenyekiti wa tawi la Simba, alikuwa ameapa mbele ya watu: "Manara akivaa kijani na njano, na mimi nitavaa. Nitatoka hapa kwenye mkuyu mpaka sokoni, mchana kweupe, kila mtu anione." Siku ya kulipa deni ikapangwa kuwa Jumamosi ya tarehe 11 Septemba. Jezi nikakabidhiwa mimi, mpwa wake, katibu wa tawi la Yanga.

SASA ENDELEA

Ijumaa usiku nililala na ile jezi chini ya mto. Nilikuwa nimeipiga pasi ya mkaa mara mbili, watu wasije wakasema Yanga wamemvisha mzee tambara.

Usingizi haukuja. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo kama tusemavyo wenyewe, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yako. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Aliyenilea ni Mjomba. Ndiye aliyenionyesha mpaka wa shamba letu kule mlimani, akanifundisha kumenya gamba la mdalasini bila kuua shina. Leo mimi ndiye niliyechaguliwa kumvisha aibu.

Tulitofautiana kwa jambo moja tu, mpira. Mama aliniachia sanduku la bati, na ndani yake, chini ya kanga, nilikuta kitambaa cha kijani na njano kilichochanwa nusu. Sikujua kilikuwa cha nani. Mama sikuwahi kumsikia akitaja mpira hata siku moja. Lakini mtoto aliyefiwa hushika chochote alichoachiwa, nami nikashika rangi zile. Ndivyo nilivyokuwa Mwananchi, shabiki wa Yanga.

Usiku ukiwa umekwenda, simu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Hans Poppe amefariki."

Sikuamini. Mwezi ule habari zote zilikuwa za ajabu. Simba walikuwa wametoka kuchukua ubingwa mara nne mfululizo, kisha ghafla wakamuuza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri. Kabla mashabiki hawajafuta machozi, Manara huyo akavuka. Tulizoea kusikia jambo usiku tukaliita uzushi, asubuhi likawa kweli. Nikawasha redio. Lilikuwa kweli.

Zacharia Hans Poppe, kapteni wa zamani wa jeshi, mtu wa Iringa, aliyewahi kuongoza kamati ya usajili ya Simba. Sisi wa Yanga tulilijua jina lile kuliko majina ya viongozi wetu wenyewe, maana kila dirisha la usajili lilipofunguliwa tulianza kwa kuuliza Hans Poppe ameonekana wapi. Nilikaa kitandani, nikaitazama ile jezi iliyonyooka, nikajiuliza: asubuhi nitakwenda nayo kwa uso gani?

*

Ukungu ulikuwa haujashuka kutoka milimani nilipofika kwenye mkuyu. Matawi yetu mawili yanatazamana pale, katikati barabara ya vumbi iendayo Matombo, kila upande na mlingoti wake wa bendera. Vijana wa Yanga walikuwa wamekuja na ngoma tangu alfajiri, lakini ngoma zilikuwa chini. Upande wa pili, Simba walikaa kwenye benchi wamejiinamia. Hakuna aliyesema neno kuvuka barabara.

Kinyozi wetu ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. "Katibu, deni ni deni. Tukiliacha leo, halilipwi tena."

"Watu wamefiwa," nikamjibu.

"Wamefiwa, ndiyo. Lakini marehemu hakuwa ndugu wa mtu hapa Mkuyuni."

Kabla sijajibu, Mjomba akatokea. Kanzu nyeupe, kofia ya kitambaa, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Alipita mbele ya watu wake bila kusimama, akavuka barabara, akaja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Jezi iko wapi?"

Nikanyamaza.

"Nimekuuliza jezi iko wapi. Aliyekufa ni Kapteni. Neno langu halijafa. Nivisheni, nitembee, nirudi nikalie msiba wangu."

Nikaitoa kwenye mfuko. Mikono ilinitetemeka. Nilipoinyanyua nimpitishie kichwani, sauti ikatoka nyuma ya sufuria la uji.

"Weka chini hiyo nguo!"

Alikuwa Bibi muuza uji. Watu wa Mkuyuni wote tumekunywa uji wake tangu utotoni, Simba na Yanga. Yeye ndiye tuliyemkabidhi vibubu vya matawi yote mawili avitunze uvunguni mwa kitanda chake, kwa sababu hakuna upande uliowahi kumshuku. Akaja akijifuta mikono kwa kanga.

"Ninyi mnaimba kila siku watani wa jadi, watani wa jadi. Mtani mnamjua?" Akatuzungushia macho. "Mtani ndiye anayekutukana harusini, ukacheka. Na siku ukifiwa, mtani hufika wa kwanza. Ndugu zako wanalia, hawana nguvu, yeye anashika jembe. Anaingia kaburini, anajilaza, anasema hatoki mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku wanatoa machozi. Anachota maji, anapika, anafagia. Kazi ya mtani ni hiyo. Anayekuja msibani kudai deni, huyo si mtani. Huyo ni adui."

Kinyozi akawa wa kwanza kuinamisha kichwa. Mimi nikaikunja jezi, nikairudisha mfukoni.

*

Kilichofuata nitakisimulia hadi uzeeni. Vijana wa Yanga walivuka barabara na mafagio, wakafagia uwanja wa tawi la Simba. Wengine wakateremka mtoni na ndoo. Kinyozi mwenyewe akaupanda mlingoti wa Simba, akaishusha bendera nyekundu na nyeupe mpaka nusu. Kisha akarudi upande wetu, akaishusha na ya kijani na njano. Bendera mbili zikaning'inia sawasawa katika ukungu.

Tukakaa pamoja chini ya mkuyu, jambo lisilotokea tangu ligi iliyopita iishe. Wakubwa wakaanza kuzungumza ya zamani, kama ilivyo desturi ya matanga. Yakafika kwa Manara.

"Mimi simlaumu," akasema mwalimu mmoja mstaafu wa upande wetu. "Baba yake ni Sunday Manara wa Yanga. Mtoto amerudi kwa baba."

"Huko kwao labda," akadakia Mjomba. "Sisi hapa Waluguru mtoto ni wa mama. Ya baba yake hayaniingii. Mtu amekula kwetu, tumemlinda, kisha anavuka mchana kweupe? Mimi mtu aliyevuka simsamehe."

"Lakini Sunday alikuwa mchezaji," mwalimu akaendelea taratibu. "Unaikumbuka Nyamagana?"

Uso wa Mjomba ukabadilika. "Tarehe 10 Agosti 1974, Mwanza. Niliisikilizia redioni nikiwa kibarua Morogoro mjini. Adam Sabu alitangulia kufunga. Watu wakakaa roho juu mpaka dakika ya 87, ndipo Gibson Sembuli akasawazisha! Zikaongezwa dakika. Sunday akapata mpira, akamaliza kazi. Mbili kwa moja! Tuliruka, tukamwaga chai yote..."

Akajikata. Akakohoa, akaomba maji.

Nilimtazama. Sembuli na Sunday walikuwa wa Yanga. Bao lile liliwaliza Simba nchi nzima. Iweje mwenyekiti wa Simba alisimulie kama mtu aliyeshangilia? Nikageuka kumtazama Bibi. Alikuwa akikoroga sufuria ambalo uji wake ulikuwa umekwisha.

*

Saa nne likatolewa shauri. Marehemu anakwenda kuzikwa kwao Iringa. Mkuyuni ichague watu wawili, Simba mmoja na Yanga mmoja, wapande gari mpaka Msamvu, na kutoka pale washike basi la Iringa. Wabebe rambirambi ya watu wa Uluguru.

"Hela zipo kwenye vibubu," nikasema. Simba walikuwa wakijichangia nauli ya Simba Day ya tarehe 19 Septemba. Sisi tulikuwa tukijiwekea ya Ngao ya Jamii, Yanga na Simba, tarehe 25. Kesho yake Jumapili timu yetu ilikuwa icheze na Rivers United ya Nigeria kwa Mkapa, lakini mashabiki walikuwa wamezuiwa kuingia uwanjani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na safari ya karibu.

Bibi akaingia ndani, akatoka na vibubu viwili vya mbao, kimoja kila kwapa. Akaviweka juu ya mkeka.

"Kianze cha mtani," akasema.

Fundi seremala akang'oa misumari ya kibubu chetu. Noti zikatoka zimekunjwakunjwa, sarafu zikalia. Hakuna Yanga aliyenung'unika. Kinyozi alizihesabu kwa sauti, akazisukuma mbele ya Mjomba kwa mikono miwili. Mjomba akavua kofia. Nilimwona mzee wangu akilia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama.

"Sasa chetu," akasema, sauti imemkwama.

Msumari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kifuniko kikaachia, fundi akakipindua kibubu juu ya mkeka. Zikamwagika noti. Juu ya noti, kitu cha mwisho kudondoka, kikatua kifurushi chembamba kama bahasha iliyokunjwa, kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa.

Kitambaa cha kijani na njano. Kilichochanwa nusu.

Damu ilinisimama. Nusu ya pili ya kitambaa kile ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya sanduku la bati.

"Nani ametia uchafu wa Yanga kwenye kibubu chetu?" akafoka kijana mmoja wa Simba, akakinyakua, akakifungua kabla mtu hajamzuia. Ndani mlikuwa na kadi ngumu, imechakaa, rangi imefifia. Kadi ya uanachama wa Yanga, ya mwaka 1974. Ilikuwa na picha ndogo ya kijana mwembamba, nywele nyingi, jicho kali.

Kadi ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeishika alitazama picha, kisha akainua macho kumtazama mwenyekiti wa Simba. Ilipofika kwangu sikuhitaji kusoma jina. Jicho lile ndilo lililonitazama nikijifunza kumenya mdalasini.

Mkuyu wote ukawa kimya.

"Mjomba," nikasema, "hii ni yako?"

Hakunijibu. Alimtazama Bibi. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Niliitumbukiza jana usiku, niliposikia habari ya Kapteni. Kifo hakina miadi, mwanangu, na mimi nimezeeka. Nisingeweza kwenda na amana ya watu."

"Uliahidi!"

"Niliahidi kuitunza. Sikuahidi kuzikwa nayo."

Mjomba akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Kijana wa Simba akanyoosha kidole. "Mwenyekiti, dakika chache zilizopita umesema mtu aliyevuka humsamehe. Basi tuambie leo hapahapa. Wewe ulivuka lini? Nani alikuvusha?"

Bibi akaichukua kadi mkononi mwangu. Akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja wa wino wa bluu, mwandiko wa kuegemea kushoto. Mwandiko ule niliufahamu. Ndio ulioandika jina langu kwenye daftari langu la kwanza la shule.

"Usimuulize mjomba wako," Bibi akaniambia, akinishika bega. "Aliyemvusha ni mama yako. Na alimvusha kwa ajili yako wewe."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Mama aliandika nini nyuma ya kadi? Na nani atapanda basi la Iringa baada ya siri hii kutoka? Usikose sehemu ya tatu. Nawe msomaji, wiki hii kabla hujamrushia mtani wako maneno, mpigie simu kwanza, umuulize kama kwao ni wazima.